Miguu ya Chipu Niliyoihesabu kutoka Chini

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa viatu vya kuazima, nikaambiwa nivivue. Karakana ya redio za serikali pale Tarime ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi za wilaya, sakafu yake nyekundu inang'aa kwa nta, na Fundi Mkuu alikuwa hataki kuona tope. "Redio haipendi udongo," aliniambia kabla sijamaliza kusema shikamoo. "Na mimi simpendi anayeuleta." Nikaingia peku. Nilikuwa kijana wa Gorong'a, juzi tu nilikuwa nachunga ng'ombe, nina cheti cha ufundi cha miaka miwili na kiburi cha miaka kumi.

Redio ninazozisema si hizi za kusikilizia mpira. Zilikuwa redio za mawasiliano, kubwa kama sanduku la nguo la bibi harusi. Zahanati ya mbali ikitaka gari la wagonjwa iliita kwa redio, maana simu zilikuwa za mjini tu. Ndani yake mlikuwa na valvu, yaani taa za kioo zenye miguu kwa chini, zinazokuza sauti dhaifu iliyonaswa hewani. Valvu moja ikiungua, wilaya nzima inakuwa bubu. Ninyi mnaobeba simu tatu mfukoni hamwezi kujua uzito wa jambo hilo.

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa Kagera, mwenye miwani iliyoungwa kwa waya. Aliipindua redio ya kwanza mbele yangu.

"Unaona nini?"

"Naona redio, mzee."

"Unaona tumbo la redio. Huko juu wanatazama wenye nayo. Sisi mafundi maisha yetu ni tumboni."

Akanifundisha kuhesabu miguu ya valvu kutoka chini, kufuata mwendo wa mshale wa saa, kwa sababu chini ndiko fundi anakotia lehemu, ile risasi ya kuyeyushwa inayoshikisha waya na mguu. Nilipochora mchoro wa kutoka juu alinichapa vidole kwa rula. Hakuwa mtu mbaya. Mkewe alinilisha mwaka mzima, na nilipoanguka kwa malaria Fundi Mkuu alinipeleka hospitali kwa baiskeli yake mwenyewe, akiisukuma mlimani huku ananigombeza kwa kuugua siku za kazi. Ila neno lake likishatoka lilikuwa limetoka. Vijana wa Kikurya hatukupata taabu na hilo. Nyumbani tulilelewa hivyo hivyo.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa wilaya ya Serengeti, kuzunguka na kufunga redio za zahanati. Upande wa Kisaka nilimkuta Mganga Mfawidhi mmoja, ndiye mkubwa wa zahanati, mzaliwa wa Iringa, mpole wa sura na mkali wa maneno. Redio yake ilikuwa imenyamaza wiki mbili. "Fundi," aliniambia, "hiki kidude kikinyamaza mimi nageuka mchimba makaburi. Huondoki hapa mpaka kizungumze." Sikuondoka. Nililala kwake siku nne, nakula ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na siku ya nne redio ikazungumza. Yule mzee alilia waziwazi mbele ya wagonjwa wake. Hapo ndipo nilipoipenda kazi yangu. Kabla ya hapo nilikuwa naifanya tu.

Huko Serengeti ndiko chipu zilikonikuta. Chipu ni kipande cha silikoni, kidogo kama punje ya mtama, chenye vidude vya kuruhusu na kuzuia umeme kwa maelfu, kimefungwa ndani ya ganda jeusi lenye miguu ya bati kila upande. Sisi tuliiita mdudu. Chipu, tofauti na valvu, huhesabiwa miguu kutoka juu. Nililijua hilo vizuri. Lakini mkono uliochapwa rula haubadiliki, na mimi niliendelea kuchora kila kitu kutoka chini na kukigeuza kichwani mwangu. Nilijisifia jambo hilo. Niliwaambia wenzangu kwamba fundi anayehitaji kugeuza karatasi si fundi.

Kisha dhahabu ikatuita wote. Mgodi mkubwa ulipofunguliwa niliajiriwa karakana ya vipimo, chini ya Msimamizi wa Vipimo. Kazi yetu ilikuwa kutunza vinasa mtetemo, vyombo vinavyofungwa kwenye mwamba kuusikiliza. Watu hudhani jiwe huanguka ghafla. Si kweli. Mwamba hulia kwanza, vilio vidogo vidogo ambavyo sikio la mtu halivipati, na kadiri unavyokaribia kuachia, vilio huongezeka. "Ukuta hautusaliti," Msimamizi alikuwa akisema. "Sisi ndio hatusikilizi." Niliyasikiliza mawe miaka kumi na mmoja.

Mkataba ulipoisha nikaenda kufundisha elektroniki katika chuo kimoja cha ufundi kwetu Tarime. Wanafunzi waliniita mwalimu, na wale ambao baba zao walikuwa rika langu waliniita tata, yaani baba. Lazima nilieleze jambo hili kwa wasomaji wa mikoa mingine. Kwetu rika si urafiki wa kunywa chai. Aliyetahiriwa pamoja na baba yako ni baba yako. Humkatizi anaposema, humpingi, na humwambii amekosea, hata kama ameshika jembe kwa upande wa makali.

Rhobi alikuwa mmoja wa hao. Baba yake, mkulima wa Genkuru, tulisimama naye mstari mmoja asubuhi ileile ya tohara. Siku ya kwanza darasani nilipomwuliza jina na akataja la baba yake, nilifurahi sana, nikamwambia mbele ya wote, "Basi wewe ni binti yangu." Akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo sikuwahi kumsikia akinibishia.

Zilikuwa siku za rashi. Rashi ndivyo wachimbaji wanavyoita pale habari za mawe mazuri zinapotoka kwenye kilima, na kufikia jioni kilima kina watu kuliko mnada wa ng'ombe. Bei ya dhahabu ilikuwa imepanda, na kandokando ya Genkuru maduara yalichimbwa usiku na mchana. Duara ni shimo la mchimbaji mdogo, limekwenda chini wima, limezuiwa kwa magogo. Darasa langu lilianza na wanafunzi ishirini na wawili. Muhula wa tatu nilikuwa naita majina na kuitikiwa na madawati.

"Chacha, jana ulikuwa wapi?"

"Mwalimu, nilikuwa fildi."

"Fildi gani?"

"Ya Genkuru, mwalimu. Mita arobaini kwenda chini."

Huyo Chacha alikuwa na akili ya kutisha na usingizi wa kutisha. Alibaki yeye, Rhobi na wengine wawili. Sikuwalaumu walioondoka. Mtoto ambaye nyumbani hakuna kitu utamwambia nini kuhusu cheti?

Siku moja nilikuwa nasimulia habari za vinasa mtetemo, Rhobi akanyoosha mkono.

"Tata, mwamba si unalia kabla haujaanguka?"

"Unalia."

"Basi kule kwa Mwita mbona hakuna anayeusikiliza?"

Mwita alikuwa kaka yake, mchimbaji, ambaye mwaka uliotangulia alifukiwa mpaka kifuani, akatolewa na mbavu mbili zimevunjika, na alipopona akarudi duara lilelile. Nikamweleza habari za bei. Mashine ya mgodi mkubwa ilikuwa na thamani ya maduara hamsini. Chacha akajaribu kutengeneza kifaa kidogo kwa chipu za dukani. Kilifanya kazi siku mbili, betri ikaisha, wachimbaji wakakitumia kufungia mlango. Tatizo ni kwamba chipu ya dukani inajua mambo mia, na inakula umeme kwa ajili ya mambo mia. Rhobi alitaka chipu inayojua jambo moja tu, kuhesabu vilio vya mwamba, na vikizidi kiwango ipige king'ora. Betri ingedumu miezi. Chipu ya namna hiyo haikuuzwa popote. Ilibidi mtu aichore, kisha kiwanda kiichonge.

Nikacheka. Naandika hili nikiona haya. Nilimwambia chipu inachongwa na mashine ambazo ukiuza Tarime yote pamoja na ng'ombe wake hupati hata moja. Akanisubiri nimalize kucheka, kisha akanionyesha simu yake. Kumbe dunia ilikuwa imebadilika mimi nikiwa natazama matumbo ya redio. Kuna watu wa nchi mbalimbali wameandika programu za kuchorea chipu na kuziacha wazi, anayetaka azichukue bure. Na kulikuwa na mpango wa chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, uliokusanya michoro ya wanafunzi na kuichonga yote kwenye kisahani kimoja cha silikoni. Ni kama ukoo unavyochinja ng'ombe mmoja, kila nyumba ikapata kipande chake. Peke yako humuwezi ng'ombe, lakini kipande unakiweza.

Programu zenyewe zilikuwa nzito mno kwa mtandao wetu. Tulianza kuzipakua Jumatatu, Ijumaa zikawa zimefika robo, umeme ukakatika, tukaanza upya. Rhobi akasema ana binamu upande wa pili wa mpaka. Tukapanda gari mpaka Sirari, tukavuka kwa miguu na kompyuta ya chuo ndani ya mfuko wa unga ili isiingie vumbi. Binamu huyo, Maroa, alikuwa na duka la simu.

"Karibu mwalimu, keti hapo," alisema. "Huku net iko fiti, tutaivuta yote saa hii. Na hii chipu mnatengeneza ni ya kuuzia nani?"

"Ni ya kusikiliza mawe," nikamwambia.

Alinitazama, akamtazama binamu yake, akaagiza chai.

Programu tukapata. Ikabaki nafasi kiwandani, na hiyo ilidai barua ya chuo yenye muhuri. Mkuu wetu wa Chuo alikuwa mtu wa Tanga, mstaarabu, aliyechoshwa na baridi ya Tarime na ukosefu wa samaki wa bahari. Aliisoma barua mara mbili.

"Mwalimu Nyamhanga, soketi ya ofisini kwangu huu mwaka wa pili haitoi umeme. Nawe wataka nikupigie muhuri mtengeneze chipu?"

Niliitengeneza soketi palepale, yeye akinitazama. Akachomeka birika lake la chai, likaanza kuunguruma, akatoa muhuri. Akasema jambo lingine ambalo mimi na Rhobi tulitoka nalo tumelishika kwa mikono miwili. Chipu hiyo ikizungumza, yeye mwenyewe angemwandikia Rhobi barua ya kumpendekeza kwenye chuo kikuu cha uhandisi. Bila barua hiyo, cheti chake kisingemfikisha huko. Alichokuwa nacho ni cheti hicho, na nyundo ya kupondea mawe ya dhahabu nyumbani kwao.

Mratibu wa ng'ambo akatujibu kwa ufupi. Mmepewa nafasi moja. Kinachochongwa hakifutiki, na zamu nyingine haina ahadi.

Wanafunzi wangu wanne walifanya kazi miezi mitano. Kuchora chipu siku hizi si kuchora kwa penseli. Unaiandikia kompyuta tabia unayoitaka, hesabu hiki, linganisha na kile, na programu inapanga vile vidude maelfu na njia zake. Kisha unaijaribu humohumo kwenye kompyuta kabla haijazaliwa. Chacha aliacha usingizi. Alishuka duarani na kinasa mtetemo cha zamani nilichokuwa nacho, akarudi na vilio halisi vya mwamba wa Genkuru vimerekodiwa, tukaipa ile chipu isiyokuwapo bado ivisikilize. Ilihesabu bila kukosa. Rhobi alipiga makofi mara moja, akaificha mikono nyuma. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata tangu Kisaka.

Siku ya mwisho ilibaki karatasi moja tu, orodha ya miguu. Chipu ingekuwa na miguu kumi na minane. Miwili ya umeme kiwanda kilikwisha kuipanga. Mingine kumi na sita tulipaswa tuseme upi unapokea nini na upi unatoa nini. Rhobi alikuwa ameichora vizuri, kutoka juu, kama inavyotakiwa, na mbao za sakiti ambazo chipu ingekaa juu yake alikwisha kuzitengeneza kwa mchoro huo. Nikaichukua karatasi nikague. Mimi ndiye mwenye saini.

Nikaiona imegeuka. Nawaambieni ukweli, niliitazama kwa macho yangu mawili na nikaona binti huyu amekosea upande. Kichwa changu kilikuwa tumboni kwa redio, kama siku zote. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata namba zote kumi na sita, nikaziandika upya kwa mpango wangu. Wala sikumwuliza.

Rhobi alifungua mdomo.

"Nini?" nikasema.

"Hapana, tata."

"Basi andika kama nilivyosahihisha."

Akaandika. Nikatia saini, tukatuma, na nikawanunulia wote wanne kichuri, ule mchuzi wetu wa mbuzi wenye uchungu wa nyongo. Nilikula kwa raha sana. Nakumbuka nilimtania Rhobi kwamba mhandisi anayekula taratibu hivyo atakufa njaa.

Kabla chipu hazijarudi nikatimiza miaka sitini. Waliniaga kwa keki, blanketi na hotuba ya Mkuu wa Chuo iliyotaja soketi. Nikarudi Gorong'a kwenye mahindi na ng'ombe wangu watatu, nikaanza kujifunza kukaa, kazi ambayo hakuna chuo kinachoifundisha.

Miezi ikapita, Chacha akapiga simu.

"Shikamoo mwalimu. Zimekuja, tano. Zimekufa."

"Zote?"

"Zote. Tumezijaribu wiki mbili. Mkuu amesema mchoro wa Rhobi ulikuwa na kasoro."

"Rhobi mwenyewe anasemaje?"

"Amesema kweli, amekosea yeye. Ameondoka chuoni. Yuko kwao, anaponda mawe karashani."

Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na kando yake huketi wanawake wenye nyundo wanaoyavunja mawe makubwa yaweze kuingia. Maombi ya chuo kikuu yalikuwa yanafungwa mwisho wa mwezi. Zilibaki siku tisa. Nikamwambia Chacha aniletee chipu moja na ubao wake. Alifika kesho yake kwa bodaboda, akaniachia, akaondoka bila kunywa hata maji.

Nilikaa barazani na mita yangu, kifaa cha kupimia umeme, nikaugusa mguu mmoja baada ya mwingine. Siku mbili sikupata kitu. Siku ya tatu, asubuhi, nikaona nifanye kama ninavyofanya siku zote. Nikaupindua ubao, nikauweka tumbo juu. Nikaiweka karatasi yangu pembeni. Kila namba ikakaa mahali pake. Chipu ilikuwa nzima kabisa, mchoro wa Rhobi ulikuwa mzima, ila kila mguu ulikuwa umehamia upande wa mwenzake, kushoto kulia na kulia kushoto, kwa mwandiko wangu mwekundu.

Mke wangu aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia ndiyo.

Nilifika Genkuru saa nane mchana. Nilimkuta karashani katikati ya wanawake kama kumi, amejifunga kitambaa puani, nyusi zake nyeupe kwa vumbi la mawe. Aliponiona akasimama haraka, akajifuta mikono.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Rhobi, chipu haina kosa. Mchoro wako hauna kosa. Kosa ni langu, niliigeuza miguu. Nimekuja kukuomba msamaha."

Wanawake wakaacha kugonga. Mzee kumwomba msamaha binti wa mwenzake wa rika, mbele za watu, ni jambo ambalo hata mimi sikuwahi kuliona. Rhobi aliangalia chini.

"Nilijua, tata."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Ulipokuwa unakata namba."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje? Wewe na baba mlisimama mstari mmoja."

Nikakaa juu ya jiwe. Nilikuwa nimeenda pale na aibu moja, nikapata ya pili iliyo kubwa zaidi. Kukosea kila fundi hukosea. Lakini nilimfundisha binti huyu miaka miwili, nikamjaza elimu yote niliyonayo, na saa ile moja alipoihitaji, nilikuwa nimekwisha kumfunga mdomo kwa kumwita binti yangu.

"Wakaja wakasema umekosea wewe, ukakubali."

"Ningewaambia nani amekosea?"

Mama mmoja akasema kwa Kikurya kwamba msichana huyu ana adabu. Nilitamani nimrushie kokoto.

"Haya," nikasema. "Sasa tufanye nini? Chacha aliniambia asidi ya kuchongea mbao mpya za sakiti imekwisha chuoni, na siku zimebaki sita."

Akajibu upesi mno. "Tuigeuze chipu yenyewe. Ilale chali, miguu juu. Kila mguu utarudi upande wake. Ile miwili ya umeme ndiyo itakayokosea, hiyo tuivushe kwa nyaya."

"Umelifikiria sasa hivi?"

"Nililifikiria siku tulipotuma."

"Kwa nini hukufanya hivyo chipu zilipofika?"

"Ningeigeuza wangeuliza kwa nini inalala chali."

Kesho yake tulikuwa ofisini kwa Mkuu wa Chuo, mimi, Rhobi na Chacha. Nikamwekea ile karatasi yenye wino mwekundu mezani, nikamweleza. Alivua miwani.

"Mwalimu, barua hii nikiiandika, itabidi nieleze kilichotokea. Faili lako litasema umeharibu kazi ya mwanafunzi. Umestaafu vizuri, wataka kuliharibu jina kwa nini?"

"Andika," nikamwambia. "Jina limezeeka. Barua ni ya huyu."

Hakuandika kwanza. Alitaka kuisikia. Rhobi akaketi mezani pake, akailaza chipu chali juu ya ubao, akaishikisha kwa nyaya nyembamba kama nywele, mkono hautikisiki. Chacha akacheza vilio vya mwamba alivyovirekodi. Tukasubiri. King'ora kikalia kwa nguvu, Katibu Muhtasi akafungua mlango akidhani kuna moto. Mkuu wa Chuo akacheka mpaka akakohoa, akavuta karatasi, akaandika barua kwa mkono wake mwenyewe kabla haijachapwa. Rhobi alilia. Chacha alitazama dirishani, na mimi nilimtazama Chacha.

Chipu nyingine tulizilaza chali vilevile, tukafunga kifaa kimoja duarani kwa Mwita. Wiki ya pili kikalia, wachimbaji wakatoka mbio wote, wakakaa juu nusu siku wakinung'unika. Ukuta haukuanguka. Mwita alinipigia kunieleza kwamba huyu mtoto wangu chipu anamsumbua kazini. Nikamwambia amshukuru aliyemzaa mtoto huyo, yaani dada yake, akakata simu. Lakini hakukitoa.

Sasa nina miaka minne ya kustaafu. Vijana huniuliza ni ushauri gani nawapa, na hutegemea niseme someni kwa bidii. Tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyetufundisha mkuu akikosea avunjike nani. Kwa muda mrefu nilidhani heshima ya mwalimu ni ukimya wa darasa. Nilipoteza kiasi gani cha akili za watoto kwenye ukimya ule sijui, na sipendi kukadiria. Heshima yetu ya rika naipenda bado, sitaki ife. Nimewaambia tu watoto wote wa rika langu kwamba meza yenye mchoro juu yake haina tata wala mwana. Wengi huitikia ndiyo, tata, wakaendelea kunyamaza.

Likizo iliyopita Rhobi alikuja Gorong'a kutoka chuo kikuu. Alikuja na mchoro mpya, chipu ya pili, wamepewa tena kipande cha kisahani. Aliutandaza mezani, akanipa kalamu, akaniomba nikague. Nilipita mstari kwa mstari, taratibu, na katikati nikakuta kosa, nikaweka alama.

"Hapana, tata," akasema. "Hapo umekosea."

Mke wangu alikuwa analeta chai. Akasimama mlangoni na trei yake, hajui aingie au arudi. Nikaangalia tena, mara mbili. Nilikuwa nimekosea kweli. Nikaifuta ile alama, nikamwuliza kama kuna pengine nilipokosea.